Uchambuzi wa kisa: mkimbiaji aliyeanguka kilomita ya 24, Bagamoyo

Kisa kwa ufupi

Mbio zilikuwa za kilomita 30, Bagamoyo, katikati ya msimu wa kaskazi. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu alianguka kilomita ya 24 akiwa amechanganyikiwa, joto la ndani ya mwili wake likiwa nyuzi 41.6. Kilikuwa kiharusi cha joto, yaani mwili kuchemka hadi ubongo kuvurugika. Alipozwa palepale kwa turubai, maji ya madumu na barafu ya samaki, ndipo akapelekwa hospitali. Alipona. Hata hivyo, tangu aanguke hadi aanze kupozwa zilipita dakika 18, na hizo ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya uchambuzi huu, pamoja na saa karibu tatu zilizozitangulia.

Jina la mbio, mwaka, waandaaji, hospitali na mkimbiaji mwenyewe vimeondolewa. Baadhi ya vituo vimesogezwa ili njia isitambulike.

Njia na hali ya hewa

Kilomita 3 za kwanza zilipita kwenye lami na vichochoro vya mji mkongwe. Kuanzia ya 3 hadi ya 9 ilikuwa ufukwe, kuelekea upande wa Kaole. Kuanzia ya 9 hadi ya 12 njia ilifuata ukingo wa mikoko: tope lililokauka juu na kulegea chini, mahali pengine maji ya kifundo cha mguu. Kilomita 13 zilizofuata zilikuwa barabara ya vumbi kati ya minazi, mikorosho na vichaka, na 5 za mwisho lami ya kurudi mjini.

Vituo vya maji vilikuwa kilomita za 6, 12, 17, 20 na 25. Kila kimoja kilikuwa na maji ya kunywa, machungwa na soda. Hakuna kilichokuwa na maji ya kujimwagia.

Timu ya tiba ilikuwa na kifaa cha WBGT, kile kipimo kinachojumlisha unyevu wa hewa, jua kali na upepo badala ya joto la kivulini peke yake. Saa 12:40 asubuhi kilisoma 25.2. Saa 2:30 kikasoma 28.1, na saa 3:30 kikafika 30.3. Usiku wa kuamkia siku hiyo joto halikushuka chini ya nyuzi 25, kwa hiyo hata waliolala vizuri waliamka na miili ambayo haikupoa sawasawa.

Mkimbiaji

Uzito wake kilo 78. Alikuwa ameshamaliza nusu marathoni kadhaa, ile ya karibuni kwa saa 1 na dakika 52. Anaishi nyanda za juu, ambako mazoezi yake ya alfajiri hufanyika katika nyuzi 14 hadi 18. Alifika Bagamoyo siku mbili kabla ya mbio.

Wiki ileile alikuwa na mafua na homa. Homa ilikata siku nne kabla ya mbio, akajiona mzima. Asubuhi ya mbio alimeza diklofenaki ya miligramu 50 kwa ajili ya goti. Alivaa fulana ya mbio iliyogawiwa na waandaaji, nzito na ya bluu iliyokolea, bila kofia. Lengo lake lilikuwa kumaliza ndani ya saa 3 na robo.

Mfululizo wa matukio

Mbio zilipangwa kuanza saa 12:00 asubuhi. Zikaanza saa 12:50. Namba zilichelewa kugawiwa, na mgeni rasmi naye alisubiriwa, akafika, akahutubia.

Kilomita 3 za lami alizikimbia kwa dakika 17, mwendo wa mtu anayekwenda nusu marathoni kwenye baridi. Akaingia ufukweni. Ilikuwa siku ya bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na wakati huo maji yalikuwa bado juu, hivyo wakimbiaji wote walisukumwa kwenye mchanga mkavu, tifutifu, chini ya minazi. Saa yake ya mkononi inaonyesha kwamba kasi ilishuka hadi dakika 7 na sekunde 10 kwa kilomita huku mapigo ya moyo yakipanda kutoka 168 hadi 181. Hakupunguza. Alipitwa na watu kadhaa, naye akawa anajaribu kushikana nao.

Kituo cha kilomita ya 12 alikunywa vikombe viwili. Viatu vilikuwa vimejaa tope na mchanga, akavivua, akavikung'uta, akaendelea. Cha kilomita ya 17 alikipita bila kusimama kwa sababu alikuwa na kundi. Cha kilomita ya 20 vikombe vilikuwa vimekwisha. Maji yalikuwepo kwenye madumu, lakini aliyetaka kunywa alilazimika kukinga viganja. Alikinga mara moja, akaondoka.

Kilomita ya 23 na nusu mwelekezaji wa njia, kijana wa kujitolea, alimwona akiyumba kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Akamwuliza, "Kaka, uko poa?" Mkimbiaji akanyanyua kidole gumba. Akaachwa apite.

Saa 3:34 akaanguka. Saa 3:36 wakimbiaji wawili waliokuwa nyuma yake walifika, wakamvuta hadi kivuli cha mkorosho, wakammwagia chupa moja ya maji kichwani na kujaribu kumnywesha soda. Sehemu kubwa ilimwagikia kifuani. Mmoja wao akapiga simu ya dharura iliyoandikwa kwenye namba ya mbio.

Saa 3:41 muuguzi alifika kwa bodaboda. Mkimbiaji alikuwa anasukuma watu. Alipoulizwa yuko wapi alijibu, "Nipo stendi, gari limeniacha." Ngozi ilikuwa ya moto na imelowa jasho. Kipimajoto cha kwapani kikasoma 37.9. Kipimo cha sukari kikasoma 6.8, ya kawaida. Kwa namba hizo mbili, pamoja na maelezo ya ndugu yake kwamba alikuwa na homa juzijuzi, waliokuwepo wakaanza kuelekea kwenye malaria. Bajaji ikaitwa impeleke hospitali.

Saa 3:47 pikapu ya timu ya tiba ikafika na tabibu. Saa 3:49 joto la njia ya haja kubwa lilikuwa limeshasomwa: 41.6. Bajaji ikarudishwa. Bodaboda ikatumwa diko la samaki, wavuvi wanaposhushia mzigo, kama kilomita 2 kutoka pale, ikalete barafu.

Saa 3:52 turubai la pikapu lilikuwa limetandikwa, mgonjwa katikati, watu sita wakiinua kingo zake. Ndani yake zilimiminwa lita 60 za maji kutoka kwenye pikapu na kituo cha kilomita ya 25, pamoja na kama kilo 10 za barafu ya kupozea soda. Saa 4:01 bodaboda ilirudi na viroba viwili vya barafu iliyopondwa. Saa 4:11 kipimajoto kikasoma 38.9, maji yakaachiwa. Saa 4:15 safari ya hospitali ikaanza. Kufikia hapo alikuwa anajua jina lake, anajua yuko Bagamoyo, na anauliza kama amemaliza mbio.

Maamuzi na sababu zake

*Kutokusafirisha.* Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika 25. Mdogo wake wa kike, aliyekuja kumshangilia, alisimama mbele ya pikapu: "Daktari, mnamchelewesha!" Tabibu akamjibu, "Dada yangu, tukimpakia sasa ataendelea kuchemka njiani. Nipe dakika ishirini, kisha twende wote." Hesabu yake ilikuwa hivi: dakika 25 za njia, dakika kadhaa za mapokezi na kutafuta kitanda, kisha hospitalini penyewe huenda hakuna beseni la kumweka mtu mzima. Kinachoua katika kiharusi cha joto ni muda ambao ubongo, ini na figo vinakaa juu ya nyuzi 40. Lengo linalokubalika ni kumshusha chini ya 39 ndani ya dakika 30 tangu aanguke, na gari halimshushi mtu joto.

*Barafu.* Mzee mmoja wa pale alionya kwa nia njema: "Wanangu, mtu aliyechemka hamwagiwi maji ya barafu, mtamkaza mishipa." Hofu hii ni ya kawaida Pwani na hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Ni kweli mishipa ya ngozi hubana na mgonjwa anaweza kutetemeka, lakini kwa mtu mwenye nyuzi 41 maji ya barafu huchukua joto haraka kuliko mwili unavyoweza kulitengeneza kwa kutetemeka. Waliendelea.

*Kusimamisha kwenye 38.9.* Joto huendelea kushuka baada ya mtu kutolewa majini. Ukisubiri lifike 37 ndipo umtoe, utampokea ameshuka mno. Alipofika hospitali alikuwa 38.1.

*Kutokuweka dripu pale njiani.* Muuguzi alikuwa ameanza kutafuta mshipa. Tabibu alimwomba aache ashike kichwa cha mgonjwa kwanza. Mkono unaohitajika kwa dripu hauwezi kuwa ndani ya maji, na hakuna aliyejua bado sodiamu yake, yaani chumvi ya damuni, ikoje.

Matokeo

Sodiamu 139, ya kawaida. Kreatinini, kipimo cha figo, mikromoli 170 kwa lita siku ya kwanza, ikashuka hadi 115 siku ya tatu. Kimeng'enya cha misuli kilizidi 9,000, mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na vipimo vya ini vilipanda siku ya pili kabla ya kuanza kushuka. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alilazwa siku tatu, akaruhusiwa ya nne.

Kupanda kwa vipimo vya ini siku ya pili ni jambo la kuzingatiwa. Mgonjwa wa namna hii akiruhusiwa jioni ileile kwa sababu anaongea vizuri, ini na figo vinaweza kuharibika akiwa nyumbani bila mtu kujua.

Uchambuzi: maji ya bahari na saa ya kuanza

Waandaaji walichagua siku ya bamvua kwa makusudi, wakiamini kwamba maji yakitoka sana, ufukwe unakuwa mpana na mgumu. Ni kweli, ila kwa saa isiyofaa. Pwani hii, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Aliyeingia ufukweni saa 1 na robo alikuta maji yamepwa kama nusu tu, na mchanga mgumu bado uko chini ya maji. Ulikuja kufunuliwa vizuri wakati wakimbiaji wote wako mashambani.

Gharama yake si ndogo. Kukimbia kwenye mchanga laini hula nishati kama mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa kasi ileile, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka kuwa joto. Kilomita 6 za namna hiyo mwanzoni mwa mbio ni sawa na kumwongezea mtu karibu kilomita 4 ambazo hazimo kwenye ramani. Mkimbiaji wetu alitoka ufukweni akiwa ameshachemka, saa 1:50, kabla jua halijawa tatizo.

Mvuvi yeyote wa hapa angewaambia waandaaji hili kwa sentensi moja. Siku nne hivi kabla ya mwandamo au mwezi mpevu, maji hupwa karibu saa 1 na robo asubuhi, na ufukwe unakuwa mgumu wakati hasa wa kupita.

Kuhusu saa: dakika 50 zilizopotea kwa namba na hotuba hazikutolewa mwanzoni mwa mbio, zilihamishiwa mwishoni. Kila mkimbiaji alikimbia dakika 50 zake za mwisho katika WBGT ya juu kuliko ambayo angekutana nayo kama mbio zingeanza kwa wakati. Miongozo ya tiba ya michezo inashauri mbio ndefu ziahirishwe au zisitishwe ikivuka 28. Ukifuata hilo kwa ukali, msimu wa kaskazi hakuna mbio ndefu ya mchana Pwani nzima, na si lazima tufike huko, maana wenyeji wamezoea joto hili. Lakini kipimo kilisomwa saa 12:40, kikasomwa tena saa 2:30, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kufanya lolote kwa namba hizo. Hapakuwa na kiwango kilichoandikwa cha kufupisha njia wala mtu wa kulitamka neno "simamisha". Kifaa kilikuwa cha kuandika kumbukumbu tu.

Uchambuzi: upepo na jasho

Sehemu aliyoanguka haikuwa na sehemu ngumu hata moja kwa miguu. Barabara ya vumbi, tambarare, mchanga kidogo. Ndiyo maana hata waliopanga vituo waliiona nyepesi na kuacha kilomita 5 kati ya cha 12 na cha 17, na 5 tena kati ya cha 20 na cha 25.

Tatizo lake ni hewa. Mikoko na vichaka huzuia upepo wa kaskazi, na mahali ambapo njia inaiacha bahari na kuelekea bara, upepo kidogo uliopo unatoka nyuma. Mtu anayekimbia kilomita 9 kwa saa huku upepo wa kilomita 9 kwa saa ukimsukuma anakuwa kama amesimama ndani ya chumba kisicho na dirisha. Jasho linalodondoka halipozi; linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Mkimbiaji alikuwa amelowa chapachapa, na hilo lenyewe lilikuwa dalili kwamba jasho limeshindwa kazi. Ni kosa kubwa kungoja ngozi iwe kavu ndipo useme ni kiharusi cha joto. Kwa mtu aliyekuwa anakimbia, mara nyingi ngozi huwa imelowa.

Uchambuzi: dakika 18

Zigawanywe hivi. Dakika 2 mpaka wakimbiaji wafike. Dakika 5 mpaka muuguzi. Dakika 6 za kupima vitu visivyo sahihi na kuita bajaji. Dakika 5 za tabibu kupima, kuamua na kuandaa turubai.

Dakika 5 za mwisho ni kasi nzuri. Zile 6 za katikati ndizo zilizotupwa, na hazikutupwa kwa uzembe. Muuguzi alifanya alichofundishwa: pima joto, pima sukari. Kifaa chake ndicho kilichomdanganya. Kwapani mwa mtu aliyelowa jasho, aliyemwagiwa maji, anayehangaika, kipimajoto kinasoma ngozi. Cha paji la uso na cha sikioni navyo havifai hapa. Tofauti ya siku ile, 37.9 dhidi ya 41.6, ndiyo ilimfanya kila mtu afikirie malaria.

Kwa hiyo kanuni ya kumpa mhudumu wa kwanza iwe fupi: mkimbiaji aliyeanguka, anayeongea visivyoeleweka, mwili wa moto, mpoze sasa, pima baadaye. Kama kipimajoto cha njia ya haja kubwa hakipo kabisa, poza kwa dakika 10 hadi 15 au mpaka atetemeke na akili imrudie, kisha safirisha huku ukiendelea kumlowesha na kumpepea.

Tahadhari moja. Kama joto la ndani ni chini ya 39 na bado amechanganyikiwa, fikiria sukari, na fikiria sodiamu iliyoshuka kwa kunywa maji kupita kiasi. Hao mara nyingi ni wakimbiaji wa polepole wanaosimama kila kituo na kunywa mpaka tumbo linacheza. Mtu wa namna hiyo usimlazimishe maji wala usimtundikie dripu hovyo; mpeleke hospitali, haraka. Na madafu yanayogawiwa mwisho wa mbio yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ni matamu, lakini hayachukui nafasi ya chumvi.

Mwelekezaji wa kilomita 23 na nusu alimuuliza mtu aliyechanganyikiwa kama yuko sawa, akakubali jibu. Kidole gumba hakipimi akili. Swali liwe la kutaka neno: kituo kilichopita ulikunywa nini? Umetoka mji gani? Anayeyumba na kushindwa kujibu asimamishwe, hata akikasirika. Waelekezaji wa siku ile hawakupewa ruhusa ya kumzuia mtu, na kijana wa miaka kumi na tisa hawezi kujipa ruhusa hiyo mwenyewe mbele ya mtu mzima aliyelipa kiingilio.

Uchambuzi: turubai lilivyofanya kazi

Hapa ndipo timu ilipofanya vizuri, na inafaa kueleza kwa undani kwa sababu vifaa vyote vinapatikana Bagamoyo.

Turubai la mita 3 kwa 4 linatosha. Mgonjwa analazwa katikati akiwa amevuliwa viatu na fulana. Watu watano au sita wanainua kingo hadi usawa wa magoti, wawe kama kingo za dau. Mmoja anakaa kichwani, amemshika kwapani kwa kitambaa ili uso usizame, na kazi yake ni hiyo tu; mgonjwa akitapika yeye ndiye anamgeuza ubavu. Mwingine anashika saa na kipimajoto chenye waya laini, kilichoingizwa sentimita 15 na kuachwa humohumo, akitamka namba kwa sauti kila dakika 3. Wanaoshika kingo wanatikisa maji kulia na kushoto bila kuacha. Maji yakitulia, safu nyembamba iliyogusa ngozi inapata joto na kumfunika mgonjwa kama blanketi.

Dakika 9 za kwanza joto lilishuka kutoka 41.6 hadi 40.6 tu, yaani nyuzi 0.11 kwa dakika. Dakika 10 zilizofuata lilishuka kutoka 40.6 hadi 38.9, nyuzi 0.17 kwa dakika. Kilichobadilika ni barafu. Ile ya soda ilikuwa imegandishwa kwenye ndoo, mapande makubwa ya kilo 3 na zaidi, ambayo yalielea pembeni bila kuyeyuka haraka. Ya diko ilikuwa imepondwa kwa ajili ya samaki. Kwa hesabu, lita 60 za maji ya dumu yenye nyuzi 28 na kilo 10 za barafu, yote ikiyeyuka, hufika karibu nyuzi 13, na hayo ni maji mazuri kabisa. Nyundo moja kwenye kila pikapu, uponde barafu ndani ya kiroba kabla ya kuimwaga, ingeokoa dakika kadhaa.

Lita 60 ni kidogo kwa mtu wa kilo 78. Lengo liwe 100 hadi 150.

Uchambuzi: mkimbiaji mwenyewe

Homa iliyokata siku nne kabla, mwili wa nyanda za juu usiozoea joto, diklofenaki, na kasi ya mwanzo. Kila kimoja peke yake huenda angevuka nacho. Vyote kwa pamoja havikumwachia nafasi. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto: jasho huanza mapema, maji ya damu huongezeka, mapigo hupungua kwa kazi ileile. Asiyeweza kuja mapema ajizoeze kwao, akimbie saa za mchana, au akae kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 kwa dakika 30 hadi 40 baada ya mazoezi, siku kadhaa mfululizo. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni zisimezwe asubuhi ya mbio, kwani figo zilizokosa maji haziwezi kuzihimili.

Kwenye mchanga laini, tazama mapigo, usitazame kasi. Yeye alikuwa na saa iliyomwonyesha 181 tangu kilomita ya 8.

Kilichobadilishwa baadaye

Mbio zilizofuata zilianza saa 11:30 alfajiri, wakimbiaji wakiwa na tochi za kichwani kwa kilomita za mjini, na hotuba zote zikahamishiwa kwenye utoaji wa medali. Tarehe ilipangwa na wavuvi wawili wa pale pale kabla ya kwenda kwa mfadhili.

Vituo viliongezwa, kila kilomita 3 kuanzia ya 12. Hesabu ya maji ilikuwa hii: wakimbiaji 300, vikombe viwili vya mililita 200 kila mmoja, ni lita 120 za kunywa kwa kituo, na lita 120 nyingine za kujimwagia kwenye mapipa yaliyo wazi, pamoja na sponji. Vikombe vikiisha, kikombe kimoja cha bati kifungwe kwa kamba kwenye kila dumu.

Kila pikapu ina turubai, kipimajoto cha waya, madumu sita ya lita 20, kasha la samaki lenye barafu iliyopondwa, na nyundo. Waelekezaji walipewa fulana za rangi tofauti zenye maandishi mgongoni: NINA RUHUSA KUKUSIMAMISHA.

Fulana za mbio zenyewe bado ni nzito. Mfadhili anataka nembo kubwa, na nembo kubwa inahitaji kitambaa kinene. Mazungumzo yanaendelea. Sehemu isiyo na barabara ya gari, kilomita ya 9 hadi 12 kwenye mikoko, nayo haijapata jibu zuri. Kwa sasa inalindwa na wahudumu wawili wa miguu wenye turubai na kipimajoto, na mtumbwi wenye kasha la barafu unaosubiri mlango wa kijito mpaka mkimbiaji wa mwisho apite.